Kusanifu boti ya familia: kila kitu kinataka mahali pake

Mchoro wa kwanza wa boti ya familia karibu kila mara huwa ni wa ubavu. Omo, yaani sehemu ya mbele, imechongoka, ukingo wa juu unateremka taratibu kuelekea tezi, yaani sehemu ya nyuma, kioo cha mbele kimelala nyuma, na boti nzima imeinamia maji. Inapendeza. Kisha wanaingia watu: watu wazima wanne na watoto wawili, na begi la nguo kavu, taulo zilizolowa, sanduku la barafu, nanga na mnyororo wake, mafuta, maji ya kunywa, majaketi sita ya kuokolea maisha. Boti inashuka majini. Jua linachoma. Mtoto mmoja anataka choo. Baada ya miezi michache mwenye boti ameshafunga turubai juu ya mabomba, ameziacha fenda, yaani mito ya kukinga boti isigonge gati, zining'inie nje kwa kuwa hazina pa kuwekwa, na amelipigilia skrubu sanduku la plastiki juu ya jukwaa la kuogelea. Ule mchoro wa kwanza hauonekani tena.

Wengi hutazama boti ya namna hiyo wakasema kwamba uzuri na manufaa havikai pamoja. Sikubaliani nao hata kidogo. Kilichoiharibu ni mahitaji yaliyoachwa nje ya mchoro. Hitaji la familia halifutiki kwa kutochorwa. Litarudi, na likirudi litawekwa popote palipobaki wazi. Kwa hiyo anayetaka boti iliyonyooka na kutulia machoni inambidi aanze na orodha ya vitu vyote visivyopendeza, akipe kila kimoja mahali, ndipo achore mstari wa ubavu.

Hata kabla ya orodha hiyo, lipo swali la wapi boti itakwenda. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu vyombo vya burudani, namba 2013/53/EU, inagawa boti katika madaraja manne. Daraja D ni la maji tulivu: upepo usiozidi kipimo cha 4 cha Beaufort, mizani ya nguvu ya upepo, na mawimbi ya sentimita 30, na hamsini kwa nadra. Daraja C linafika upepo wa kipimo cha 6 na mawimbi ya mita 2. B na A ni za bahari kubwa zaidi. Boti nyingi za familia ni C au D, na boti ileile inaweza kuruhusiwa watu wengi katika D na wachache katika C. Ukishajua daraja, umeshajua nusu ya vipimo vitakavyofuata.

Mizani kwanza

Tuchukue boti ya mfano yenye urefu wa mita 7, upana wa mita 2.5, na injini moja ya nje ya nguvu farasi 150. Mwili wake pamoja na viti, nyaya na vioo una kilo 1,300. Injini, kilo 215 hivi. Lita 200 za petroli ni kilo 150, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, vya uthabiti wa boti humhesabu kila mtu kwa kilo 75, basi watu sita ni kilo 450. Weka kilo 60 za maji ya kunywa, 50 za betri mbili, 25 za nanga na mnyororo, na 100 za mizigo midogo ambayo hakuna anayeikumbuka hadi inapopakiwa. Jumla ni kilo 2,350.

Katika hizo, kilo 760 ni watu, mafuta, maji na mizigo. Karibu theluthi ya uzito wote wa boti hupanda, hushuka na kuhama humo ndani. Hili ndilo linaloitenga boti ya familia na boti ya mashindano, ambayo ina dereva mmoja au wawili waliofungwa mikanda mahali pamoja.

Angalia theluthi hiyo inafanya nini. Boti huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na wake, na mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Ikiwa eneo la boti yetu kwenye uso wa maji ni mita 10 za mraba, basi kilo 760 zitaishusha kwa sentimita 7 na ushee. Sasa waache watu wazima wanne watoke nyuma waende kukaa omoni, umbali wa mita 3. Kitovu cha uzito cha boti nzima kinasogea mbele kwa sentimita 38. Omo inazama, tezi inanyanyuka, na wimbi likija kutoka nyuma boti inaanza kujielekeza yenyewe, kwani omo iliyozama imegeuka kuwa usukani. Viti vya omoni vinapendwa na kila mnunuzi, nami sivikatai, lakini msanifu lazima alipie gharama yake kwa kuipa omo ujazo wa kutosha juu ya mstari wa maji ili isizame upesi, na kwa kuweka tanki la mafuta karibu na kitovu cha uzito, ili mkao wa boti usibadilike sana tanki likiwa tupu au limejaa.

Vimo vinavyopandiana

Hapa ndipo penye mvutano wa kweli kati ya sura na manufaa, na ndipo ningemshauri kila anayejifunza kazi hii akae muda mrefu kuliko pengine popote. Panda na vimo kutoka majini kwenda juu.

Sitaha nzuri, yaani sakafu wanayokanyaga watu, hujitoa maji yenyewe. Wimbi likiingia, au mvua ikinyesha usiku kucha boti ikiwa gatini, maji hutoka kwa matundu ya tezini bila pampu na bila mtu wa kuyafua. Hilo linawezekana tu sitaha ikiwa juu ya mstari wa maji hata boti inapojaa. Tuseme tunataka sentimita 15 kati ya maji na sitaha boti ikiwa na watu wote. Maana yake ikiwa tupu ni 22. Wasanifu wanaopenda boti fupi za kimo huiba hapa, wanashusha sitaha hadi sentimita 5 au 6, na siku watu wote wanaposogea tezini kumtazama anayeogelea, maji yanaingia kwa matundu yaleyale yaliyowekwa ili yayatoe.

Juu ya sitaha kuna ukingo. Mtoto wa miaka mitano akisimama kwenye boti inayokwenda mrama anahitaji ukingo unaomfika karibu na kifua, na kwangu kipimo hicho hakishuki chini ya sentimita 70. Sitini zinamfika kiunoni, na mtu anayeshikwa kiunoni hupinduka. Sentimita 15 na 70 ni 85. Tayari ubavu una sentimita 85 juu ya maji boti ikiwa imejaa, 92 ikiwa tupu, na hatujafika omoni ambako lazima upande zaidi ili kukata mawimbi.

Kuna jambo moja dogo ambalo michoro mingi hulipita. Kiti cha kawaida kina kimo cha sentimita 40. Kikiwa kimepakana na ubavu, mtoto akisimama juu yake, na atasimama, ule ukingo wa sentimita 70 umebaki 30. Njia ni kushusha kiti hadi 35 na kukisogeza ndani, ili kati ya mgongo wa kiti na ukingo pabaki nafasi ya kupita kiganja, pawekwe chuma cha kushikilia. Nafasi hiyohiyo ni mahali pa kufungia kamba. Ukiichora mwanzoni haionekani kabisa. Ukiikumbuka boti ikishajengwa, utafunga vyuma juu ya ukingo, navyo vitaonekana kutoka upande wa pili wa maji.

Sasa tuna ubavu wa sentimita 92 kwenye boti ya mita 7, na bila uangalifu itakuwa sanduku linaloelea. Kimo hakiwezi kupunguzwa, ila jicho linaweza kuongozwa. Njia ya zamani na bora ni kuugawa ubavu kwa urefu. Mpira wa kukinga ubavu ukiwekwa sentimita 20 chini ya ukingo, na sehemu iliyo juu yake ikilazwa kidogo kuelekea ndani, mwanga huiangukia kwa namna tofauti na jicho huihesabu kama sehemu ya sitaha. Ubavu unaoonekana umebaki 72. Ubavu wenyewe ukiinamia nje kuelekea omoni, kivuli chake kinaufupisha zaidi, na palepale unarusha maji mbali na abiria. Rangi iliyoiva chini na nyepesi juu husaidia vilevile, ingawa rangi nyeusi kwenye faiba huvuta joto jingi la jua, na ningeitumia kwa ukanda tu.

Mstari wa ukingo wa juu unastahili siku zake za kazi peke yake. Ukiuchora umenyooka kabisa kwenye karatasi, utauona umebinuka mgongo ukiutazama kutoka pembeni mwa omo, kwa sababu ubavu wenyewe umepinda kuelekea katikati. Lazima upewe mpindo mdogo wa kwenda chini ili uonekane umetulia. Ndiyo maana boti haihukumiwi kwa mchoro wa ubavu. Hutazamwa ikiwa mfano mdogo wa mbao, au kwenye kompyuta, kutoka kimo cha macho ya mtu aliyesimama gatini, kwani hapo ndipo watu wataiona kwa miaka yote ya maisha yake.

Tumbo la boti

Abiria hawalioni tumbo, lakini migongo yao inalijua.

Miaka ya 1870, huko Torquay nchini Uingereza, William Froude alivuta mifano midogo ya meli kwenye birika refu akaonyesha jinsi mawimbi yanayotengenezwa na chombo yanavyokizuia chombo chenyewe. Chombo kinachopasua maji hunaswa katikati ya wimbi lake la mbele na la nyuma pindi wimbi hilo linapokuwa na urefu sawa na wake. Kwa makadirio ya kawaida, mwendo huo kwa noti ni 2.43 mara kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita. Boti yetu ina mstari wa maji wa mita 6.2, basi hunaswa karibu na noti 6, yaani kilomita 11 kwa saa. Ili kuvuka hapo lazima ipande juu ya maji na kuteleza, na ndipo umbo la tumbo linapoamua kila kitu.

Tumbo bapa hupanda upesi, huhitaji nguvu kidogo, na hutulia vizuri likiwa limesimama. Tatizo ni kwamba likikutana na wimbi kwa kasi hupiga maji kama kiganja kilichofunguliwa. Tumbo la umbo la V huingia ndani ya wimbi na kulainisha pigo. Mwaka 1960, katika mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau, boti ya Dick Bertram iitwayo Moppie, yenye tumbo la V kali lililobuniwa na Ray Hunt, ilishinda bahari ikiwa imechafuka vibaya. Pembe yake ilikuwa kama nyuzi 24 kila upande, ikiendelea hivyo hadi tezini. Tangu hapo V kali ikawa sifa ya kutangazia boti.

Lakini familia haishindani kwenda Nassau. Inatumia saa nyingi imetia nanga, na V kali ikisimama hulalia upande wowote ambao watu wameusogelea. Tena huzama zaidi na hudai nguvu zaidi kupanda juu ya maji. Kwa boti ya daraja C ningechagua tumbo linalobadilika: kali sana omoni linapokutana na wimbi, kisha likilegea hadi nyuzi 18 au 19 tezini. Pale ubavu unapokutana na tumbo ningeweka kona pana iliyoelekea chini kidogo. Husukuma maji ya kurukaruka yarudi chini, na boti inaposimama huwa ndiyo mabega yake.

Upana nao una nguvu kubwa. Uwezo wa umbo la boti kupinga kulala upande hukua kwa kipeo cha tatu cha upana, yaani upana mara upana mara upana: ongeza upana kwa asilimia 10, unapata karibu asilimia 33 zaidi. Kishawishi cha kutanua ni kikubwa, ila boti pana hupigwa zaidi na mawimbi, na ikizidi mita 2.55 haivutwi kwa trela kwenye barabara za Umoja wa Ulaya bila kibali maalumu.

Kuhusu kasi nitasema machache. Mwendo wa boti inayoteleza hukua kwa kipeuo cha pili cha nguvu iliyogawanywa kwa uzito. Ukitoka farasi 150 hadi 300, mwendo hauongezeki maradufu bali kwa asilimia 41 tu, na hapo hatujahesabu uzito wa injini kubwa wala tanki kubwa. Boti yetu ikiwa na 150 itafika karibu na noti 29. Kwa safari yenye watoto hiyo inatosha kabisa. Mwaka 1964 Daniel Savitsky alichapisha kanuni za kukokotoa mkao na ukinzani wa tumbo linaloteleza, na bado ndizo zinazotumika kuanzia hesabu hizi. Zinaonyesha pia jambo ambalo dereva hulihisi: kati ya kupasua maji na kuteleza, omo hunyanyuka. Dereva aliyeketi asipoona mbele wakati huo, mpangilio wote wa kiti, kioo na paa la omo umekosewa, hata ukiwa umependeza vipi. Vibao vya tezini vya kurekebisha mkao hupunguza mnyanyuko huo, lakini kimo cha jicho la dereva lazima kipimwe kwanza.

Injini na wanaoogelea

Injini ya ndani huficha kila kitu. Carlo Riva, mjenzi wa boti wa Italia, alilijua hilo alipotoa boti yake Aquarama mwaka 1962, akaweka godoro la kuota jua juu ya injini mbili, na tezi ikabaki safi. Ni moja ya boti nzuri kuliko zote zilizowahi kujengwa, na bado namuunga mkono mwenye familia anayechagua injini ya nje kwa boti ya mita 7. Injini ya nje hainyang'anyi nafasi ya ndani, hunyanyuliwa nje ya maji, na mvuke wa mafuta haukusanyiki chini ya miguu ya watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na ndiyo sababu boti yenye injini ya petroli ndani hutakiwa kuwashiwa feni ya kutoa hewa kwa dakika nne kabla ya kuwasha injini.

Ubaya wake ni kwamba injini ya nje hukaa palepale ambapo watu wanataka kuogelea. Jibu ni majukwaa mawili, kulia na kushoto kwa injini, na ngazi iwe kwenye jukwaa ambalo dereva analiona kutoka kitini. Ngazi hiyo lazima mtu aliye majini aweze kuishusha mwenyewe bila msaada. Sheria ya Ulaya inadai hivyo, kwa sababu mtu wa mwisho kuanguka anaweza kuwa ndiye pekee aliyekuwemo. Kamba ya kuzimia injini iwe na mahali pake karibu na usukani, ionekane, isiwe ya kutafutwa kwenye droo. Na moshi wa injini una hewa ya sumu ya ukaa monoksidi isiyo na harufu, hivyo hakuna anayekaa kwenye majukwaa hayo injini ikiwa inanguruma.

Choo kinaweza kufichwa ndani ya meza ya usukani, kwa kushusha sakafu yake chini ya sitaha, ambako V ya tumbo inatoa kina bure. Meza hiyo itakuwa kubwa kiasi, lakini kioo kilicholala na ukanda mweusi wa kioo cha pembeni huirefusha machoni. Kitambaa cha kivuli nacho kichorwe tangu siku ya kwanza, pamoja na miguu yake na mahali kinapokunjwa. Fenda nne zenye kipenyo cha sentimita 20 zinahitaji shimo la ukubwa huo kila pande, karibu na kamba zake, ambalo mkono unafika bila kufukua chochote. Nimeziona boti za fahari zilizosahau hilo, na fenda zake zinasafiri zikiwa zimelala juu ya magodoro.

Povu la kuelea nalo lina mahali pake. Boston Whaler ya mwaka 1958 ilijazwa povu kati ya ngozi mbili za faiba, na baadaye ikakatwa vipande viwili kwa msumeno ikiwa majini mbele ya wapiga picha, nayo ikaendelea kuelea. Katika boti yetu, sehemu ya povu iwekwe juu pembeni, ndani ya kuta za ubavu, badala ya kurundikwa yote chini ya sitaha. Boti iliyojaa maji ikiwa na povu chini tu huelekea kupinduka; likiwa pembeni, hubaki wima na watu hukaa ndani yake wakisubiri msaada.

Kupima kabla ya kujuta

Kabla ya kutengeneza kalibu ya faiba, jenga sehemu ya kukaa kwa mbao nyepesi na maboksi kwa ukubwa wake kamili, uwaite watu wa vimo mbalimbali, pamoja na mtoto na mzee. Mwambie mmoja abebe sanduku zito kutoka tezi hadi omo wengine wakiwa wameketi. Utaona goti linagonga wapi, na nani anashika nini anapojikwaa. Saa chache za namna hiyo hubadilisha mchoro kuliko wiki nzima mbele ya kompyuta.

Boti ya kwanza ikishajengwa, ipimwe uzito kwa mizani halisi, kisha ipakiwe mifuko ya kilo 75 sita na tanki lililojaa, ndipo ipimwe sitaha iko sentimita ngapi juu ya maji. Mifuko ihamishwe omoni, boti itazamwe. Ihamishwe yote ubavu mmoja, itazamwe tena. Mkao ukiwa na kasoro, betri huhamishika, tanki la maji husogezwa, propela hubadilishwa kwa nyingine. Upana, pembe ya tumbo na kimo cha sitaha vimeshakaa ndani ya kalibu, na kuvigusa ni kuanza boti nyingine.